Mieleka ya runinga ilivyoangukia uani Nyakatuntu

Safari ya kwenda Nyakatuntu haina njia ya mkato. Ukitoka Bukoba asubuhi, basi linakwenda hadi Kyaka, karibu na pale ambapo majeshi ya Idi Amin yalivunja daraja la Mto Kagera mwaka 1978, kisha linapanda vilima kuelekea Karagwe. Ukifika njia panda ya Omurushaka unatafuta gari jingine, na kuanzia hapo ni migomba, mibuni na vumbi jekundu mpaka Kyerwa, wilaya iliyoanzishwa mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Karagwe.

Nyakatuntu ni moja ya kata za wilaya hiyo. Nyumba zake nyingi zimejificha ndani ya migomba, kiasi kwamba mgeni husikia watu wakizungumza kabla hajaona paa. Wazee hukaa barazani wakitafuna kahawa iliyochemshwa na kukaushwa, huku wakiulizana habari za bei. Kinamama hupita na mikungu ya ndizi kichwani. Kyerwa inapakana na Uganda na Rwanda, kwa hiyo ukiwasha redio si ajabu kusikia Kiganda kabla ya Kiswahili.

Jua likizama, husikika kelele nyingine. Watoto na vijana kwa pamoja wanapiga kelele: "Moja! Mbili!" Kisha kimya kifupi, halafu ama "Tatu!" ya furaha, ama mguno mrefu wa kukatishwa tamaa. Mgeni anaweza kudhani kuna shule ya jioni. Wenyeji wanajua ni kibanda umiza, na kwamba leo hakuna mpira wa Ulaya. Leo ni mieleka.

Kibanda chenyewe ni cha mbao na bati, kimezibwa kwa turubai jeusi ili mwanga wa nje usiingie. Ndani kuna mabenchi saba, runinga moja, betri ya sola na feni isiyofanya kazi. Mtoto hulipa shilingi 200. Mieleka huletwa kwenye flashi na waendesha bodaboda wanaotoka mjini au ng'ambo ya mto. Nyingine huja zikiwa tayari zina sauti ya mtangazaji wa Kiganda, na watoto wasiojua Kiganda wamejifunza maneno yake ya kushangilia kama wimbo.

Mwenye kibanda ana umri wa miaka 43. Gazeti hili limehifadhi jina lake, pamoja na majina ya wengine katika makala haya, ili kumlinda mtoto anayezungumziwa. Ni mkulima wa kahawa, baba wa watoto wanne, na kwa maelezo ya majirani zake, ndiye mtu pekee Nyakatuntu anayeweza kukosana na mkewe kwa sababu ya mtu aliyeshindwa pambano huko Marekani.

Mganda wa Mississippi

Mapenzi yake kwa mieleka yalianza miaka ya 1990, alipokuwa akiishi kwa mjomba wake Bukoba. Jirani alikuwa na deki na kanda chache. Katika kanda moja alimwona jitu mmoja mweusi, amepakwa rangi tumboni na usoni, miguu mitupu, anayetembea kama hajui watu. Aliitwa Kamala. Waliokuwa wakitazama walisema huyo ni Mganda, na kwamba zamani alikuwa mlinzi wa Idi Amin.

Kwa mtoto wa Kagera, jina la Amin halikuwa la mchezo. Mama yake alikuwa miongoni mwa waliokimbia makazi yao wakati wa vita. Anasema usiku ule hakulala, akiamini kwamba mtu wa Amin bado yuko hai na anapiga watu mbele ya umati.

Miaka mingi baadaye, akiwa tayari na familia, ndipo alipojua ukweli. Kamala hakuwa Mganda. Jina lake lilikuwa James Harris, Mmarekani wa jimbo la Mississippi. Habari ya Amin ilitungwa na waliokuwa wakipanga mapambano, ili watu waje kumzomea. Harris mwenyewe aliugua kisukari, akakatwa miguu yote miwili, na akafariki dunia mwaka 2020.

"Hapo ndipo nilipofumbuka macho," anasema mwenye kibanda. "Kumbe kuna mtu amekaa mezani na kalamu. Yeye ndiye anayesema nani Mganda, nani mbaya, nani ashinde. Nikaacha kumtazama anayepiga. Nikaanza kumtafuta aliyeandika."

Huyo mwenye kalamu, pale kibandani anaitwa mpangaji. Si mpangaji wa nyumba, wanakumbushana kwa kicheko, bali mpangaji wa mapambano. Kazi hiyo ipo kweli na si siri tena. Mwaka 1989, kampuni iliyokuwa ikiitwa WWF, ambayo leo ni WWE, iliwaeleza wabunge wa jimbo la New Jersey kwamba mieleka yake ni burudani na si shindano halisi. Ilifanya hivyo ili iondokane na kanuni na kodi za michezo. Mshindi hujulikana kabla ya kengele kulia. Kisichojulikana ni kama mwili utafika nyumbani salama.

Maoni yasiyoisha

Ukimkalisha mwenye kibanda na kumuuliza habari za wapangaji, kahawa yako itapoa. Ana hasira ya mwaka 2019 ambayo haijaisha. Aprili ya mwaka huo Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana, alitwaa mkanda mkubwa wa WWE. Nyakatuntu wakashangilia kama aliyeshinda ni mtoto wa kata hiyo. Oktoba mwaka huohuo akapewa Brock Lesnar, na pambano likamalizika kabla ya kufika sekunde 10.

"Mtu anaweza kushindwa, hilo mimi sibishi," anasema. "Lakini miezi sita unamjenga, halafu unambomoa kwa muda mfupi kuliko wa kuvua viatu? Huyo mpangaji hakuwa na heshima kwa mtu wake wala kwa sisi tuliolipa."

Kwa upande mwingine, anakubali kwamba aliwahi kumkosea mpangaji. Aprili 2023 Cody Rhodes alipopigwa na Roman Reigns, wakati kila mtu akiamini zamu yake imefika, mwenye kibanda alizima runinga na kuwafukuza watazamaji. Mwaka mmoja baadaye, Aprili 2024, Rhodes akashinda na kumaliza utawala wa Reigns wa siku 1,316. Aliyekuwa akiongoza upangaji wakati huo ni Triple H, mwanamieleka wa zamani aliyepokea kazi hiyo mwaka 2022. Mwenye kibanda anasema aliwaomba radhi watazamaji wake na kuwaonyesha pambano hilo bure.

Ila kipimo chake kikubwa cha mpangaji si nani kashinda. Anasema mpangaji mzuri ni yule anayekufanya usimame kwenye benchi bila mtu kuvunjika. Mpangaji mvivu, hadithi ikimwishia, anaomba mtu aruke kutoka juu.

Kwa kipimo hicho, pambano la Juni 1998 ambalo Mick Foley alitupwa na Undertaker kutoka juu ya kizimba, na ambalo vijana wengi huliita bora kuliko yote, yeye haliweki hata katika kumi bora. Kipimo hicho hakikutokana na runinga peke yake. Kilitokana na siku moja ya likizo ya Juni mwaka 2025, katika uwanja wa kuanikia kahawa, hatua chache kutoka mlangoni kwake.

"Nilidhani anakwepa kahawa"

Juni ni wakati wa kahawa. Matunda huvunwa, huanikwa, hugeuzwa, hulindwa dhidi ya mvua na wezi. Watoto wakiwa likizo huwa sehemu ya kazi. Siku hiyo mchana, watoto sita waliachiwa uwanja wa kugeuza kahawa. Walipomaliza wakachora mraba kwa mkaa, wakapanga matofali kwenye pembe nne. Huo ukawa ulingo.

Mvulana wa miaka tisa, mwanafunzi wa darasa la tatu, alikuwa akicheza na mtoto wa baba yake mkubwa, mwenye miaka 13. Yule mkubwa alimnyanyua mdogo wake, akamgeuza kichwa chini miguu juu, akamkumbatia kiunoni na kupiga magoti, kama walivyoona jioni iliyotangulia. Mtoto alitua kwa kichwa kwenye udongo uliokanyagwa na kukauka miaka mingi kwa ajili ya kahawa.

Alilala bila kusogea. Mtoto mwingine aliyekuwa mwamuzi akapiga mkono chini: moja, mbili, tatu. Wakashangilia.

Mtoto alisema, "Siwezi." Wenzake wakazidi kushangilia, kwa sababu hata kwenye runinga aliyeangushwa husema hawezi. Hulia, hushika shingo, hujikokota. Aliyeigiza vizuri ndiye husifiwa. Mmoja wao alimwambia mwenye kibanda baadaye kwamba walidhani mwenzao siku hiyo amecheza kuliko siku zote.

Hatimaye aliinuka, akaenda nyumbani akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja. Alimwambia mama yake kuwa shingo inamuuma na vidole vya mkono wa kushoto vinamwashaasha kama vimekaliwa na siafu. Mama alikuwa na magunia mawili ya kuingiza ndani kabla ya mvua.

"Nilidhani anakwepa kahawa," anasema mama huyo. "Ndivyo watoto walivyo wakati wa kazi, huyu tumbo, yule kichwa. Nikamwambia anyanyue beseni. Alijaribu, waitu. Alinyanyua nusu, likamponyoka. Nikamgombeza kwa kumwaga kahawa."

Asubuhi hakuweza kugeuza kichwa. Baba yake alimpakata kwenye bodaboda, katika barabara yenye mabonde, hadi zahanati. Huko tabibu hakutaka hata ashuke mwenyewe. Alimlaza, akazuia kichwa kwa mashuka yaliyokunjwa pande zote mbili, akawatafutia gari la kuwapeleka hospitali kwa ajili ya picha. Majibu yalionyesha kuwa mfupa haukuvunjika, ila misuli na kano za shingo zilikuwa zimeumia vibaya. Alifungwa kola ya shingo. Hali ya kuwashaasha vidole ilikwisha baada ya siku kadhaa.

Tabibu aliwaambia wazazi neno moja ambalo mama hajalisahau: kwamba ile safari ya bodaboda ingeweza kumfanyia mtoto ubaya kuliko ule mwereka.

Kikao chini ya mti

Habari ilienea kabla mtoto hajarudi. Baadhi ya wazazi walitaka kibanda kifungwe. Wengine walisema kifungwe mieleka, mpira ubaki. Kikao kiliitishwa Jumapili baada ya ibada, na mwenye kibanda akaitwa kujieleza.

Mama wa mtoto alisimama wa kwanza. "Kaka, wewe ni mzazi kama mimi," alimwambia. "Unawaonyesha watoto wetu watu wanaoangushana kwa vichwa na wanaamka. Wa kwangu hakuamka. Utanijibu nini?"

Waliokuwepo wanasema alinyamaza kwa muda. Kisha hakujitetea. Alikubali kwamba kosa ni lake kwa jambo moja: miaka yote amekuwa akiwaeleza wakubwa siri za mieleka, nani anapanga, nani analindwa, ila watoto aliwaachia picha tu. Akaomba apewe nafasi ya kuwaonyesha wazazi pambano moja kabla hawajaamua.

Jioni ile mabenchi yalijaa watu ambao hawakuwahi kuingia humo. Aliwaonyesha tukio la Agosti 1997, pambano la Steve Austin na Owen Hart.

Katika pambano hilo, Hart alimgeuza Austin kichwa chini na kukaa naye chini, mtindo uleule wa uwanja wa kahawa. Hesabu ilikosewa kidogo tu. Kichwa cha Austin, ambacho kilitakiwa kibaki juu kwa nafasi ndogo isiyoonekana na watazamaji, kiligonga ulingo. Kwa muda alishindwa kusogeza mikono na miguu. Hart akaanza kuzungukazunguka akiwachokoza mashabiki, ili kumpa mwenzake muda. Ukumbi mzima uliendelea kupiga kelele. Austin alijikokota, akamvuta Hart kwa udhaifu mkubwa, na mwamuzi akahesabu tatu kama ilivyopangwa. Shingo ile ilimsumbua mpaka akastaafu mwaka 2003.

"Tazameni watu," mwenye kibanda aliwaambia wazazi, akiwa amesimamisha picha. "Maelfu ya watu wazima wamekaa pale. Mtu ameumia kweli mbele yao, na wanadhani anaigiza. Sasa watoto wetu wangejuaje?"

Akaongeza kwamba Owen Hart naye hakufika mbali. Mei 1999, jijini Kansas City, alipangiwa kushushwa kwa kamba kutoka juu ya ukumbi kama shujaa wa kuchekesha. Kifaa kilichomshika kikaachia. Alifariki akiwa na miaka 34. Hakuna hadithi iliyohitaji kamba ile, anasema mwenye kibanda, na ndiyo maana anawachukia wapangaji wanaotafuta urefu.

Wanachokificha wanamieleka

Kibanda hakikufungwa. Kikao kiliamua watoto wa shule wasiingie usiku, na mieleka ionyeshwe Jumapili mchana, mzazi mmoja au wawili wakiwepo kwa zamu. Mwenye kibanda naye alipewa kazi: asimamishe picha na kueleza.

Anachowaeleza ni ufundi ambao jicho la mtoto halioni. Anayenyanyuliwa mara nyingi huruka mwenyewe. Bila yeye kusaidia, hakuna wa kumnyanyua. Anayeanguka chali hukunja kidevu kifuani ili kisogo kisigonge, na hutandaza mikono na mgongo ili pigo ligawanyike. Anayeangusha hutanguliza mwili wake mwenyewe. Ulingo una mbao zenye kunepa kidogo, sponji na turubai juu yake, na hata hivyo wanaumia. Wanajifunza kuanguka kwa miezi kabla ya kuruhusiwa kuangushwa mbele ya watu.

Watoto walimuuliza kuhusu wenzao wa Uganda. Swali lilikuwa la haki. Huko Mukono, mashariki ya Kampala, kuna kundi la Soft Ground Wrestling, lililoanzishwa mwaka 2023 na Daniel Bumba, maarufu kwa jina la Bumbash, ambaye alijulikana kwa kutangaza mieleka kwa Kiganda. Vijana wake hawana ulingo wa gharama. Wamesimika nguzo za mianzi, wakafunga kamba, na wanaangukia matope. Video zao zimezunguka dunia nzima na zimefika kwenye simu za Nyakatuntu. Watoto waliona hivyo wakaamini kwamba uwanja wowote unafaa.

"Someni jina lao," huwajibu. Soft Ground maana yake ni ardhi laini. Matope yale yamelainishwa makusudi, na wanaoruka ni vijana wanaofanya mazoezi chini ya mwalimu. Uwanja wa kahawa umekanyagwa kwa miaka ili uwe mgumu. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyomlaza mtoto wa darasa la tatu.

Lakini somo lililoshika kuliko yote ni la alama. Katika mieleka ya kulipwa, mwamuzi akiona mtu ameumia kweli, huinua mikono yake na kuipishanisha juu ya kichwa, kama herufi X. Walio nyuma ya pazia wakiiona wanajua hadithi imeisha, sasa ni tiba. Wanamieleka wana maneno elfu ya kudanganya kuwa wanaumia. Kwa hiyo walihitaji alama moja isiyodanganya.

Watoto wa Nyakatuntu wakaichukua. Ukipishanisha mikono, mchezo umekufa. Asiyeweza kuinua mikono, anasema neno "kweli" mara mbili. Anayeitumia kwa utani anakaa nje wiki nzima, na mahakama ni ya watoto wenyewe.

Mzazi anachopaswa kujua

Tabibu wa zahanati anasema haoni haja ya kuwakataza watoto kushikana. Watoto wa vilima hivi walipigana mieleka malishoni kabla ya runinga, na kuangushana kwa kushikana kiunoni kwenye majani ni mazoezi mazuri. Anachokataza ni mambo matatu: kumgeuza mtu kichwa chini, kumkaba shingo, na kuruka kutoka juu ya kitu. Shingo ikikabwa vizuri mtu anaweza kupoteza fahamu ndani ya sekunde chache, na mtoto anayekaba hana kipimo cha kujua muda.

Mtoto akiangukia kichwa au shingo, mambo haya yanasaidia:

Usimnyanyue wala kumkalisha. Mwache pale alipo, mwambie asigeuze kichwa, na mtu mmoja ashikilie kichwa chake kwa mikono miwili bila kukivuta. Kama anatapika, mgeuzeni ubavu mwili wote kwa pamoja, kichwa kikifuata mwili.

Muulize kama anahisi mikono na miguu, na kama kuna ganzi au hali ya kuwashaasha. Jibu la "ndiyo" kwa ganzi ni dharura hata kama anatembea.

Tafuta gari ambamo anaweza kulala. Ubao au mlango ulioondolewa kwenye bawaba hufaa kumbebea. Bodaboda isiwe chaguo la kwanza kwa mtu aliyeumia shingo.

Mpeleke haraka kama anatapika mara kwa mara, anasinzia kuliko kawaida, anachanganyikiwa, anapata degedege, anatokwa na damu au majimaji puani au masikioni, au mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko nyingine. Dalili hizi zinaweza kuchelewa, hivyo mwangalie kwa karibu siku nzima na usiku wake.

La mwisho, tabibu anasisitiza, ni kumwamini mtoto. Ni afadhali kupoteza asubuhi moja ya kahawa kwa mtoto aliyekuwa akidanganya kuliko kumnyanyulisha beseni aliyekuwa akisema kweli.

Kuna mtoto mwingine ambaye wengi walimsahau. Yule wa miaka 13 hakukanyaga nyumbani kwa mdogo wake kwa wiki mbili. Alikuwa akila kidogo na kuamka usiku. Baba yake alidhani ni woga wa fimbo. Ni mama wa mtoto aliyeumia ndiye aliyemfuata, akamshika mkono, akampeleka kukaa kitandani kwa mdogo wake. Hawakuambiana kitu. Walicheza karata.

Desemba, msimu wa senene

Tarehe 13 Desemba 2025, jijini Washington, John Cena alipigana pambano lake la mwisho, dhidi ya Gunther. Flashi ilifika Nyakatuntu siku kadhaa baadaye, wakati wa senene, na kibanda kilijaa Jumapili hiyo. Wazazi wa zamu walikuwa wawili. Walioingia walikuwa zaidi ya kumi.

Cena ndiye mtu aliyejenga jina lake kwa kusema hakati tamaa. Amekabwa shingo, akajitoa, akakabwa tena. Mwishoni akatabasamu kidogo, akapigapiga mkono kuashiria kwamba basi, ameshindwa. Gunther akaachia.

Ukumbi wa Washington ulimzomea Triple H. Kibanda nacho kiligawanyika. Vijana walisema mpangaji amemdhalilisha mzee. Mtu wa miaka zaidi ya 20 ya kazi hastahili kuondoka akiomba kuachiwa. Muuza duka mmoja alidai arudishiwe shilingi zake 500.

Mwenye kibanda, ambaye kwa kawaida ndiye mwenye hasira kuliko wote, safari hii alikuwa upande wa mpangaji. Alisema desturi ya kazi ile ni kwamba anayeondoka humwachia nguvu anayebaki. Tena, alisema, katika mapambano yote aliyowahi kuwaonyesha watoto, hilo ndilo la kwanza ambalo shujaa mkubwa kuliko wote amesema basi, na mwenzake akamwachia hapohapo, na hakuna aliyekufa. Muuza duka alimwambia hayo ni mahubiri, si mieleka. Wakabishana mpaka betri ikaisha.

Nje, watoto walikuwa tayari wameanza lao, kwenye majani pembeni ya migomba. Uwanja wa kahawa umepigwa marufuku. Yule mvulana wa darasa la tatu, ambaye kola yake ilivuliwa siku nyingi, alikuwa ameshikwa kiunoni na kaka yake wa miaka 13 wakisukumana. Mara akaachia, akainua mikono yake na kuipishanisha juu ya kichwa.

Wote sita wakaganda. Kaka yake alipiga magoti mbele yake, asimguse.

"Shingo?"

"Hapana," mdogo akajibu. "Mama anaita, senene wameiva."

Wenzake wakaanza kumlalamikia kwamba amechezea alama, akae nje wiki. Yule mkubwa hakucheka nao wala hakulalamika. Alisubiri mpaka mdogo wake ageuze kichwa kushoto, kisha kulia, ndipo wakaondoka pamoja kwenda kula.